Nimealikwa chakula cha jioni na mwenye kiwanda Foshan: mezani, zawadi, na "hakuna shida" ya Mchina

MamaVigae

Wakuu, habari zenu. Mwezi wa kumi naenda Guangzhou kwenye Maonyesho ya biashara ya Canton, kisha siku mbili Foshan kukagua vigae kabla ya kuagiza kontena moja la kuanzia. Mwenye kiwanda ninayeandikiana naye WeChat, ile programu ya ujumbe ya Wachina, amesema siku nitakayofika atanialika chakula cha jioni, yeye na watu wake wa mauzo. Kichina sijui, mkalimani nitakuwa naye.

Naomba wanaowafahamu Wachina wanisaidie. Mezani nikae wapi, nianze kula lini, na zile raundi za kunyweshana pombe nazikwepaje wakati mimi ni Mwislamu, sinywi wala sili nguruwe? Zawadi nibebe nini kutoka Dar, na nini nisithubutu kubeba? La tatu ndilo linanitia wasiwasi zaidi: nasikia Mchina akisema "hakuna shida", shida inaweza kuwepo. Nitajuaje kama amekubali kweli?

Tafadhali msiniambie tu "heshimu utamaduni wao". Nataka kujua mkono uende wapi.

mkalimani_gz

Dada, tuanze na muda, maana hapo wengi wanaharibu kabla hata ya kuketi. Chakula cha jioni cha kibiashara huanza mapema, mara nyingi saa 12 au saa 12 na nusu jioni, na kwenye WeChat utaandikiwa 18:00. Fika dakika kumi kabla. Watu wa mwenyeji hawagusi chakula mpaka mgeni aingie, kwa hiyo ukichelewa nusu saa umewaweka watu wanane na njaa.

Msalimie mkubwa wao kwanza. Mkono unashikwa kwa wepesi, kichwa kinainama kidogo, hakuna kukumbatiana. Kama hupeani mkono na wanaume, weka kiganja kifuani na uiname kidogo. Hilo linaeleweka, ila mkalimani atangulie kusema, ili bosi asibaki amenyoosha mkono hewani mbele ya vijana wake. Jina la ukoo hutangulia. Akiwa ni wa ukoo wa Chen, mwite *Chen zong*, ndiyo namna ya kumtaja mkubwa wa kampuni. Meneja wa ukoo wa Li ni *Li jingli*. Dereva au fundi mwite *shifu*, atafurahi.

Kadi ya biashara hutolewa na kupokelewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea anayepokea. Isome kidogo, kisha iweke mezani mbele yako. Usiandike kitu juu yake akiwa anakutazama. Siku hizi wengi wanaunganishwa WeChat badala ya kadi, na hapo adabu ni kwamba mdogo ndiye anayeskani msimbo wa QR wa mkubwa. Kwa hiyo wewe ndiye utakayenyoosha simu.

Kukaa: usichague kiti. Meza ni ya duara, na kiti kinachotazama mlango ni cha mwenyeji. Mgeni mkuu kwa kawaida huketi kuliani kwake, na huyo ni wewe. Subiri uonyeshwe, na mkalimani akae karibu nawe. Kama atawekwa mbali, omba palepale abadilishiwe kiti, maana katikati ya chakula itakuwa usumbufu kwa wote.

Foshan iko jimbo la Guangdong, na Guangdong wana jambo lao: kabla ya kula, bakuli, kikombe na vijiti vinasuuzwa kwa chai ya moto, na maji yale yanamwagwa kwenye bakuli kubwa lililowekwa hapo kwa kazi hiyo. Usiyanywe. Chai ikimiminwa kwenye kikombe chako, gonga meza mara mbili tatu kwa ncha za vidole viwili ulivyovikunja, cha shahada na cha kati. Hiyo ndiyo asante yao, na inakuokoa kukatiza mazungumzo. Birika likiisha maji, acha kifuniko wazi kidogo, mhudumu ataona. Mdomo wa birika usimwelekee mtu. Ukimimina wewe, anza na wengine, kikombe chako kiwe cha mwisho, na usikijaze cha mgeni mpaka juu: kwao chai iliyojaa pomoni ni kumfukuza mtu.

Vyakula vinawekwa kwenye kioo cha duara kinachozunguka katikati ya meza. Wewe utaambiwa uanze. Chota kidogo, kipande kimoja au viwili, kutoka upande ulio karibu nawe, bila kuchokonoa sahani ukitafuta kinono. Kuna vijiti vya kuchotea vya wote, *gongkuai*, mara nyingi vya rangi tofauti na vyako, na chakula kinafikishwa bakulini kwa vijiti hivyo. Zungusha kioo polepole, mwendo wa saa, na uangalie kwanza kama kuna mtu bado anachota.

Kosa kubwa la mgeni ni kushiba mapema. Guangdong supu huja mwanzoni, kisha sahani moja baada ya nyingine, nyingine bado ziko jikoni wakati wewe umeshamaliza. Wali au tambi huja mwishoni kabisa, kwa hiyo usikae ukiusubiri wali ndipo ule. Sahani ya matunda ikiingia, karamu imekwisha, na ndani ya robo saa watu wanasimama. Bakuli lako likibaki tupu, mwenyeji atalijaza mwenyewe. Ukitaka apumzike, bakiza tonge moja.

Vijiti: usivisimike wima kwenye wali. Hivyo ndivyo ubani unavyosimikwa kwa ajili ya marehemu, na mezani wanaona mkosi. Usigonge bakuli kwa vijiti, ni ishara ya ombaomba. Usimnyooshee mtu. Ukipumzika, vilaze juu ya kile kiegemeo kidogo cha vijiti. Ukishindwa kuvitumia, omba kijiko bila aibu, hakuna atakayekasirika.

Samaki mzima huwekwa kichwa kikimwelekea mgeni mkuu, nawe ndiwe wa kuanza. Upande wa juu ukiisha, usimgeuze: kwa watu wa pwani ile kumpindua samaki ni kupindua mtumbwi. Nyanyua mfupa, endelea na upande wa chini.

Usishtuke mtu akifyonza tambi kwa sauti au akitema mfupa kwenye kisahani. Na mkono wa kushoto hauna ubaya kwao. Ukipokezwa kitu kwa kushoto, hujadharauliwa. Wewe toa na pokea kwa mikono miwili, ndiyo heshima kwao kama ilivyo kwetu.

HalaliXiaobei

Mkalimani amemaliza meza, mimi nichukue pombe na nguruwe.

Jambo la msingi ni kusema mapema, kwa maandishi, siku mbili kabla, si mezani. Guangdong karamu ya heshima inaweza kuwa na mtoto wa nguruwe wa kuchoma. Mwenyeji akishaagiza, akaletewa mbele ya watu wake, na mgeni mkuu hagusi, ameumbuka yeye. Mtumie hii WeChat jinsi ilivyo:

我是穆斯林,不吃猪肉和猪油,也不喝酒。

Maana yake: mimi ni Mwislamu, sili nyama ya nguruwe wala mafuta yake, na sinywi pombe. Mafuta yametajwa kwa makusudi. Mboga za majani na tambi mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, *zhuyou*, na mpishi akisema "hakuna nguruwe" atakuwa anafikiria vipande vya nyama tu. Halafu neno *rou* peke yake maana yake nyama, lakini lisipoongezewa kitu, mara nyingi ni nguruwe. Kuku ni *jirou*, ng'ombe *niurou*, kondoo au mbuzi *yangrou*. Pia kuna divai ya kupikia, *liaojiu*, inayotiwa kwenye samaki na kuku ili kuondoa shombo. Kwa sababu hiyo, ujumbe peke yake hautoshi kwa anayejali.

Lililo salama ni kumwomba achague mkahawa wenye maandishi 清真, *qingzhen*, yaani halali. Guangzhou ipo mingi, hasa eneo la Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, wanakopika Waislamu wa Hui na Wauyghur. Mji ule ni wa zamani kwa Waislamu: Msikiti wa Huaisheng ulioko barabara ya Guangta ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa China. Ukiomba mapema huwi mzigo. Unampa mwenyeji nafasi ya kukufanyia wema, na hilo analipenda.

Pombe: yao ni *baijiu*, nyingi zina kati ya asilimia 38 na 53, inanywewa kwa vikombe vidogo. Mwenyeji husimama baada ya sahani za kwanza na kutoa neno. *Ganbei* ni kumaliza kikombe, *suiyi* ni kila mtu kadiri apendavyo. Kanuni ni moja: kataa kikombe cha kwanza kabisa. Ukionja kimoja kwa kuona haya, wataona unakunywa, na kukataa cha pili kutamhusu mtu aliyekupa. Sema *wo yi cha dai jiu*, yaani nitaitumia chai mahali pa pombe. Ni msemo wao wenyewe, wanauheshimu. Halafu shiriki kikamilifu: simama wanaposimama, shika kikombe kwa mikono miwili, na unapogonganisha na bosi, ukingo wa kikombe chako uwe chini ya wake. Akiwa mbali, gonga kwa wepesi ukingo wa kile kioo kinachozunguka. Baadaye nawe utoe neno lako moja fupi la shukrani. Mgeni asiyekunywa lakini anayesimama na chai yake hana tatizo. Anayekaa kimya na simu ndiye anayeudhi.

doti_nyekundu

Zawadi, dada, unazo hapohapo Kariakoo. Kanga! Huuzwa doti, na Wachina wanapenda jambo jema lije kwa jozi, wana hata msemo wa hilo, *hao shi cheng shuang*. Chagua yenye wekundu au manjano, jina lake liwe la kheri na si la mafumbo, kisha mkalimani aandike tafsiri ya jina hilo kwenye kadi ndogo. Nyeupe tupu na nyeusi tupu acha, ni rangi za msiba. Kahawa ya Kilimanjaro au Kagera nayo ni zawadi nzuri, mradi iwe imekaangwa na pakiti imefungwa kiwandani. Nyama, maziwa, matunda mabichi na mbegu forodha ya China inazuia. Kitu chochote cha pembe za ndovu usikiguse: China ilifunga biashara yake mwishoni mwa 2017, na huku kwetu ni jinai tangu zamani.

Usibebe: saa ya ukutani au ya mezani, kwa kuwa "kumpa mtu saa" kwa Kichina hutamkwa sawa na kumhudumia mzazi anapokata roho. Mwavuli, sauti yake iko karibu na kutawanyika. Viatu, sauti yake inafanana na uovu. Mapea, sauti ya kutengana. Na kofia ya kijani kwa mwanamume ni kumwambia kuwa mkewe anatoka nje ya ndoa, kwa hiyo ile kofia ya Yanga ibaki nyumbani hata kama ni nzuri. Idadi: mbili, sita au nane ni njema, nne hapana, kwa sababu *si* ya nne inakaribiana na *si* ya kufa. Ndiyo maana kwenye lifti za majengo mengi hutaona ghorofa ya 4 wala ya 14.

Fungasha kwa karatasi nyekundu au ya dhahabu. Mpe kwa mikono miwili mwishoni mwa mazungumzo, mkubwa kwanza, na kama ana wasaidizi wanne, kwao peleka kitu kimoja cha wote, kwa mfano pakiti kubwa ya kahawa ya ofisini. Atakataa mara moja, mbili, pengine tatu. Endelea kusisitiza kwa upole. Kukataa ni adabu yake. Akishapokea hataifungua mbele yako, na wewe ukipewa usifungue mpaka aombe. Zawadi ya bei kubwa inamlazimu arudishe ya bei hiyo, kwa hiyo usizidishe.

fundi_sampuli

Mimi niende kwenye swali la tatu, maana ndilo lenye pesa.

Neno la kushika ni *mianzi*. Kwa Mswahili ni jepesi kukumbuka, linaandikwa kama mimea yetu. Kwao ni uso wa mtu mbele ya watu. Sisi tunasema uso umeumbwa na haya, na wao wanaishi hivyohivyo kazini. Mtu wa mauzo akiulizwa jambo asiloliweza mbele ya bosi wake, hawezi kusema "siwezi": atajiaibisha, atamwaibisha bosi, na atakukata wewe moyo. Atasema kitu laini. Ujue kukisoma.

*Mei wenti*, hakuna shida, mara nyingi maana yake ni "nimekusikia na nina nia". *Yinggai keyi* ni "inapaswa kuwezekana", yaani bado hajauliza kiwandani. *Jinliang*, "nitajitahidi", hesabu kwamba huenda isitimie. *Kaolü yixia*, "tufikirie kidogo", na *bu tai fangbian*, "si rahisi sana", hizo ni hapana. Ya pili ni hapana kamili, usiibishie. *Chabuduo*, "karibu sawa", hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote kwenye vigae. Milimita 9.5 badala ya 10 ni *chabuduo*. Kivuli cha rangi kilichohama kidogo kati ya uzalishaji mmoja na mwingine ni *chabuduo*, mpaka fundi wako Dar apange sebule ndipo mstari uonekane.

Kwa hiyo usiulize swali la ndiyo au hapana. Badala ya "mtamaliza tarehe 20?", uliza "mtaanza kuchoma siku gani, na mashine ile sasa inafanya oda ya nani?" Mwenye jibu la kweli atakupa siku na hatua. Asiye nalo atarudi kwenye *mei wenti*. Makubaliano yaandikwe: ukubwa, unene kwa milimita na tofauti inayoruhusiwa, namba ya kivuli iliyo kwenye katoni, idadi ya vigae kwa katoni, aina ya mbao za kufungia. Sampuli mbili zisainiwe kwa nyuma, na wewe na yeye, moja ubaki nayo. Wino wa sahihi na wa jina uwe mweusi au wa bluu. Jina la mtu kuandikwa kwa wino mwekundu linawakumbusha kifo.

Utaratibu wa kawaida ni asilimia 30 kuanza na 70 kabla ya mzigo kuondoka. Ukaguzi ufanyike kabla ya ile 70. Wengine wanaona haya kuuomba, wanadhani watamtukana mwenyeji. Weka lawama kwa asiyekuwepo: "mshirika wangu Dar hatoi pesa bila picha za ukaguzi". Uso wa kila mtu umebaki salama na katoni zimefunguliwa. Ukikuta kasoro, usipaze sauti mbele ya wafanyakazi. Mwombe bosi mtoke pembeni, muonyeshe kigae na sampuli iliyosainiwa, kisha uliza "tulitatueje hili?" Akishagombezwa hadharani ataacha kutafuta suluhisho na kuanza kujitetea, na hapo umepoteza hata punguzo ambalo angekupa kimyakimya.

Mkalimani asiye mzoefu anaongeza tatizo lingine. Ukiuliza "hamna rangi hii?", Mchina hujibu *dui*, ndiyo, akimaanisha ndiyo hatuna. Kwa Kiswahili ni vilevile, tutaelewana. Lakini tafsiri ikipitia Kiingereza, jibu linaweza kukufikia limepinduka. Uliza kwa namna ya kukubali: "mnayo rangi hii?"

Na vidole vyao vya kuhesabu si vyetu. Kidole gumba na cha mwisho vikinyooshwa ni sita. Gumba na cha shahada ni nane, na wageni wengi huisoma mbili. Cha shahada kikiwa kimekunjwa kama ndoano ni tisa. Vidole viwili vikipishana, au ngumi, ni kumi. Bei iandikwe kwenye kikokotoo kila mara.

MamaVigae

Asanteni sana, hii ndiyo niliyoitaka. Mawili ya mwisho: bili nijitolee kulipa? Na kuna dada wa nyumbani anaishi Guangzhou, naweza kulala kwake badala ya hoteli?

mkalimani_gz

Bili ni ya aliyealika. Jitolee mara moja, mbili, atakataa, acha. Usipendekeze kuchangiana, hiyo ni ya vijana wenyewe kwa wenyewe. Lipa kwa kumwalika wewe siku nyingine, hata chakula cha mchana, na umwambie mhudumu kabla kwamba unalipa wewe, la sivyo atakuwahi. Vilivyobaki mezani si aibu kuvifungasha, *dabao*. Tangu 2021 kuna hata sheria ya kuzuia upotevu wa chakula. Bakshishi hakuna. Ukimwachia mhudumu pesa anaweza kukukimbilia akidhani umesahau.

Kulala kwa dada inaruhusiwa, ila ndani ya saa 24 za kufika lazima wewe au yeye mkaandikishe makazi yako polisi wa mtaa, na pasipoti mkononi. Hoteli hukuandikisha yenyewe. Kusahau ni onyo au faini inayoweza kufika yuan 2,000, na aliyekukaribisha naye anaingia matatani. Pasipoti tembea nayo siku zote.

Weka WeChat Pay au Alipay, programu za kulipia kwa simu, na kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado Dar. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato ya ziada, juu ya hapo ni asilimia 3.

HalaliXiaobei

Naongeza moja. Utasikia mtu akisema *nèige, nèige* katikati ya mazungumzo, na kwa sikio letu linafanana na tusi la Kiingereza kwa watu weusi. Si tusi, ni "ile... ile..." ya mtu anayetafuta neno. Kwenye treni utapigwa picha na watakuuliza umri, mshahara na watoto wangapi. Maswali hayo kwao ni mazungumzo ya kawaida, unaweza kutabasamu na kutojibu. Picha usizozitaka, inua kiganja na sema *bu yao pai*. Ukisema kwa utulivu, wengi huweka simu chini.

Na WeChat, ile emoji ya kutabasamu ya kawaida usimtumie. Kwa vijana wa mauzo inasomeka kama kejeli baridi. Tumia ile ya mikono iliyokutana, 🙏. Bosi naye usimtumie ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Andika, ili aweze kutafsiri.